Meza Ukiifuta Haiondoki

Siku baba alipomjibu mgeni baada ya mgeni kuondoka, ndipo binti yake alipojua kwamba kompyuta inaumwa.

Mgeni mwenyewe alikuwa jirani, kaja kurudisha ngazi aliyoazima. Alibisha hodi, akaegemeza ngazi ukutani, akasimama mlangoni kungoja kukaribishwa. Baba alikuwa kwenye kiti chake, kompyuta iko mezani mbele yake. Akabonyeza. Mashine ikanyamaza. Akabonyeza tena. Jirani akatazama viatu vyake, akakohoa, akasema, "Basi mzee, nitapita siku nyingine," akaenda zake. Alipokwisha kukata kona ndipo sauti ya baba ilipotoka kwenye spika, nzito, yenye kukwaruza kidogo, ikajaza sebule nzima: "Nani huyo? Pita ndani, nyumba haina mbwa!" Ikarudia. Ikarudia tena, kwa kila mara aliyobonyeza.

Binti alitaka kucheka. Alipomwona baba amegeuzia uso ukutani, kicheko kikarudi kilikotoka.

Sauti ile ndiyo iliyomlea. Baba alikuwa dalali wa mnada. Makabati, vitanda, cherehani, baiskeli, vyote vilipita mikononi mwake, na mji mzima ulimwita Dalali, hata wasiojua jina alilopewa na mama yake. Kipaza sauti hakukijua. Alikuwa akisimama juu ya kreti, anagonga meza kwa kifundo cha kidole: ko, mara ya kwanza, ko, mara ya pili, ko, mara ya tatu. Hapo anaachia kidogo, watu wanashika pumzi, ndipo anasema: "Imekwenda!" Kanuni yake ilikuwa moja tu. Mpaka neno hilo litoke, mali bado iko mezani, na mwenye kuongeza aongeze.

"Kugonga kila mtu anaweza, hata kigogota anagonga," alizoea kusema. "Kinachouza ni mdomo."

Mtu mwenye mdomo wa namna hiyo akajaliwa mtoto asiyesema. Mwenyewe ndiye aliyembandika jina la Kimya. Shuleni, mwalimu akimuuliza swali, jibu alikuwa nalo, lakini aliona heri achapwe kuliko kusimama mbele za watu na kulitoa. Mama yake alipofariki aliacha masomo kabla hajamaliza darasa la saba, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Alipokua akapata kazi ya usafi kwenye ofisi moja ya ghorofa: sakafu, vioo, meza. Aliipenda kazi yake kwa sababu meza haimuulizi mtu swali.

Kisha baba akaota uvimbe kooni. Daktari akawaeleza bila kuzunguka kwamba ili apone, kisanduku cha sauti hakina budi kutolewa. Atapumulia kwenye tundu dogo shingoni, na kusema hatasema tena. "Kama una neno, mzee, liseme sasa," alisema daktari.

"Neno?" baba akamjibu. "Mwanangu, mimi nitayasema yote."

Na kweli alijaribu. Binamu yake Kimya, mtoto wa mjomba wake, alikuwa amesomea kompyuta. Alikuja na mashine yake na kinasa sauti, wakapigilia mablanketi madirishani ili kelele za nje zisiingie, na baba akakaa kitandani akasema maneno yote aliyodhani mtu huyahitaji. Nataka chai. Nimeshiba. Zima taa. Nani huyo? Pita ndani, nyumba haina mbwa. Shingo inauma leo. Haiumi leo. Alisema na yale ambayo hakuna anayeyahitaji, kwa kuwa alikuwa baba. Dada yake, shangazi yake Kimya, ambaye alipenda chai tamu kuliko nafsi yake, alitengenezewa la kwake: "Shangazi yenu huyo kaja, ficheni sukari!" Mwisho wa yote akasema la bintiye, kwa sauti ya chini ambayo mnadani hakuwahi kuitumia: "Kimya, mwanangu. Sema basi."

Binamu alilifunga kila neno ndani ya kiprogramu chake, kama pipi inavyofungwa kwenye karatasi, akaviweka vyote kwenye kompyuta iliyotumika ambayo waliipata kwa ajili ya kazi hiyo. Aliigeuza mashine yote iwe ya Kiswahili ili wasipate taabu. Juu ya vibonye akabandika vipande vya karatasi: kikombe, taa, mlango, bakuli la sukari. Kibonye cha Kimya hakikuhitaji picha. Kilikuwa K.

Hivyo baba akarudi kutoka hospitali bila sauti, na sauti ikawa inamngoja mezani.

Sasa ilikuwa inachelewa. Mwanzoni ilikuwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayetafuta funguo. Baadaye baba anaomba chai, chai inaiva, inanywewa, vikombe vinaoshwa, ndipo mashine inasema inataka chai. Siku nyingine picha za wanawake wasiojulikana zilijitokeza kwenye kioo, zikimwomba mzee wa watu wafahamiane. Shangazi alipoziona alishika kiuno.

"Kaka, hawa ndio wachumba?"

Baba akabonyeza bakuli la sukari. Hakikutoka kitu. Akabonyeza tena, akaacha. Shangazi akangoja tusi lake, uso umeshakaa tayari kucheka, na alipoona haliji akapangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi.

Baada ya hapo baba alianza kuacha kusema. Akitaka maji alinyanyuka mwenyewe. Wageni aliwapungia mkono. Ukimya wa Kimya ulikuwa wa kuzaliwa nao, lakini huu wa baba ulikuwa kama duka lililofungwa mchana.

Kimya alimwandikia binamu kwa simu. Kupiga hakupenda, kwenye maandishi unaweza kufikiri. Binamu alikuwa akifanya kazi mji wa mbali, mtu wa zamu na shughuli nyingi, lakini kwa ajili ya mzee alipiga hapohapo.

"Dada, kuna mtu kachomeka flashi kwenye hiyo mashine?"

Kimya akamtazama shangazi. Shangazi alikuwa ameleta flashi yenye video ya harusi ya mtoto wa shoga yake.

"Yangu ni mpya!" shangazi akasema kabla hajaulizwa. "Haijawahi hata kuanguka chini!"

Binamu akasikia, akacheka. "Mwambie shangazi kirusi hakitoki sakafuni. Sikiliza, dada. Vipo vichunguzi vya bure, vya kuitwa pale unapovihitaji. Hivi havikai mlangoni kama mlinzi. Unakishusha kutoka mtandaoni, kinapita chumba hadi chumba, kinakwambia kilichoona, basi. Nakutumia viwili. Anza na kimoja, kikimaliza piga na cha pili, maana kinachopita jicho la huyu hukamatwa na jicho la yule. Vishushe kwenye anwani ninazokupa tu, usibonyeze tangazo lolote. Umenielewa?"

"Ndiyo," akasema Kimya.

"Una swali?"

Alikuwa nayo mengi. "Hapana."

Jumapili baada ya chakula cha mchana alikaa mezani. Baba alikuwa amejilaza chumbani, shangazi alikuwa jikoni akiosha vyombo na kuimba wimbo wa ile ile harusi. Kimya alifuta meza kwanza, akafuta na kioo cha mashine kwa kitambaa kikavu, kisha akakiita kichunguzi cha kwanza.

Kilichukua muda mrefu. Mstari wa kijani ulisogea kama konokono, na chini yake majina ya vitu yalipita mbio asiweze kuyasoma. Alikaa wima, mikono mapajani, kama ndugu wa mgonjwa anayengoja nje ya chumba cha daktari. Hatimaye yakatokea maneno: "Hakuna tishio lililopatikana."

Akavuta pumzi. Akabonyeza kikombe ili kujaribu. Mtu angeweza kuosha sufuria nzima kabla mashine haijasema inataka chai.

Akakiita cha pili.

Hiki hakikufika hata nusu kabla ya kuanza kupiga kelele. Mstari mwekundu, halafu mwingine, halafu mwingine, na kila mstari ulikuwa na jina alilolijua. BABA CHAI. BABA TAA. BABA MLANGO. BABA SUKARI. Ule wa BABA K ulipotokea aliufunika kwa kidole. Kirusi kilikuwa kimeingia ndani ya kila neno la baba kama funza ndani ya pera.

Alimwandikia binamu: "Mafaili ya baba yote yana uchafu. Nisafishe?"

Jibu likaja upesi, la mtu aliye kazini: "Safisha yote dada. Usiache hata moja."

Akarudi kwenye kioo. Chini ya majina palikuwa na vibonye vinne, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa "Safisha". Cha kwanza kilisema "Tibu", lakini kilikuwa kimefifia rangi, na alipokibonyeza hakikuitikia. Cha pili, "Weka karantini". Cha tatu, "Futa". Cha nne, "Puuza".

Kupuuza hakuwezi kuwa kusafisha. Hilo alilitoa mara moja.

Karantini aliijua. Baada ya upasuaji baba alipata kikohozi kibaya, hospitali wakamfungia kwenye chumba cha peke yake walichokiita karantini, na Kimya alikuwa akisimama nje ya dirisha la kioo, baba anainua mkono, yeye anainua mkono, hakuna anayemfikia mwenzake. Kwa muda ule wote alidhani ndio basi tena. Hawezi kuichukua sauti ya baba akaifungia mahali pale.

Ikabaki kufuta. Kufuta ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alifuta meza za ofisini kila siku Mungu aliyoileta. Chai iliyomwagika, wino, alama za vidole, makombo ya mikate ya wakubwa. Unafuta uchafu, meza inabaki. Meza ukiifuta haiondoki. Inang'aa.

Hata hivyo mkono wake ulisita. Aliishika simu, akaandika, "Kaka, futa na safisha ni kitu kimoja?" Aliyasoma maneno yake mwenyewe na kuyaona ya kijinga. Binamu ataonyesha wenzake. Atasema, ndugu yangu huyo, hata la saba hakumaliza. Shangazi alimwambia tangu yuko mdogo, we mtoto, mficha uchi hazai, na yeye siku zote aliinamisha kichwa na kuendelea kuficha. Akayaondoa maneno yale moja moja mpaka simu ikabaki nyeupe.

Akabonyeza "Futa".

Mashine ikamuuliza, "Una uhakika unataka kufuta vipengee hivi vyote?"

Ilikuwa ni mara chache sana Kimya kuulizwa kitu akawa na uhakika. Akabonyeza "Ndiyo".

Mistari myekundu ikazimika kuanzia juu kwenda chini. Ikatokea alama kubwa ya kijani, na chini yake: "Kompyuta yako ni safi."

Alikaa akiitazama. Kwa mara ya kwanza tangu baba aruhusiwe kutoka hospitali, alisikia mwili wake ukilegea. Akaenda kumgusa baba bega.

"Baba, amka. Imepona."

Baba akaja akiburuta kandambili, kitambaa cha shingoni kimekaa upande. Akaketi. Hakugusa kikombe wala taa. Alimtazama binti yake kwa macho yale ya mnadani, ya mtu aliyeficha kitu kizuri chini ya shuka, akainua kidole juu, akakishusha kwenye K.

Hakikutoka kitu.

Walingoja, kwa kuwa walishazoea kungoja. Kimya akawa anatabasamu bado. Baba akabonyeza tena. Kwenye kioo kikatokea kijisanduku kidogo, upesi sana, maana mashine sasa ilikuwa nyepesi kama mpya: "Faili halikupatikana."

Akabonyeza mlango. Faili halikupatikana. Kikombe. Taa. Bakuli la sukari. Kila alipobonyeza, jibu lilikuja papo hapo, bila kuchelewa hata kidogo.

Shangazi akatoka jikoni, mikono ina povu. "Vipi? Si mmesema imepona?"

Mwenyewe akachukua simu ya Kimya, akampigia binamu, akaiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Dada," binamu akasema, "umesafisha?"

"Nimefuta," akasema Kimya.

"Umefuta nini? Kirusi?"

"Mafaili. Ya baba. Nimeyafuta vizuri."

"Umeyafuta vizuri," binamu akarudia polepole. "Dada, hukuona pale pameandikwa karantini?"

"Niliona."

"Karantini inafungia tu. Inakaa salama, haiambukizi wenzake, mimi ningekuja nikaitoa, nikaitibu, nikairudisha. Karantini mtu anatoka, dada."

Kimya akamtazama baba. Ni kweli. Alitoka.

"Lakini wewe si ulikuwa umezihifadhi sauti hizo kwako," shangazi akadakia. "Wewe si ndiye uliyenasa?"

"Nilikuwa nazo, shangazi. Nilipobadilisha mashine nilizifuta." Sauti yake ilianza kupotea. "Nilijua mnazo nyinyi."

Binamu alikuja mwishoni mwa juma lile lile, bila hata begi la nguo, akapita moja kwa moja mezani. Alijaribu programu moja ya kufukua vilivyofutwa, kisha nyingine. Kimya alisimama nyuma yake akishika kitambaa chake cha kufutia, hajui kwa nini amekishika. Majina yalirudi. BABA CHAI, BABA TAA, yalijipanga kwenye kioo kama yalivyokuwa, na shangazi akapiga kigelegele. Binamu hakufurahi. Alifungua moja, na kwenye spika kukatoka mvumo kama wa mafuta kwenye kikaango. Akafungua jingine. Mvumo. Alipofika K alipunguza sauti kwanza kabla ya kufungua, na Kimya alimshukuru moyoni kwa hilo.

"Mashine ilipopona," binamu akaeleza, macho kwenye meza, "ilianza kushusha masasisho, yale marekebisho ya programu zake ambayo ilikuwa imeshindwa kuyashusha. Imeyaweka palepale zilipokuwa sauti za mzee. Ni kama mpangaji akitolewa, siku hiyohiyo kaingia mwingine na vitanda vyake. Majina yapo mlangoni. Ndani hawamo."

"Maji yakimwagika," akasema shangazi, lakini hakumalizia. Alikaa kwenye kochi, akajifunika uso kwa ncha ya kanga. "Sasa nani atanitukana mimi? Eh? Nani ataficha sukari?"

Binamu alitaka kufanya jambo. Vijana wa kompyuta hawawezi kukaa bila kufanya jambo. Akasema ipo sauti iliyokuja na mashine yenyewe, unaandika maneno, inasoma. Si ya mzee, lakini ni sauti. Akaandika, akaongeza spika. Ikatoka sauti ya mwanamume asiye na umri, asiyewahi kula wala kukohoa, akikata maneno pasipokatwa: "Shanga, zi yenu huyo kaja. Ficheni. Sukari."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alitazama nje dirishani. Binamu akaandika jingine haraka, kama anayefunika kosa kwa kosa, na sauti ile ikasema: "Kimya. Mwana, ngu. Sema basi."

Baba akanyoosha mkono, akafunga kifuniko cha mashine. Hakukifunga kwa hasira. Alikifunga kama mtu anavyomfumba macho mwenzake aliyefariki.

Kimya alikuwa na maneno. Tangu Jumapili ile alikuwa nayo, ameyapanga na kuyapangua akisugua sakafu za watu: baba nisamehe, baba sikujua, baba nilidhani ni sawa na meza. Sasa chumba kizima kilikuwa kimemwachia nafasi. Akafungua mdomo. Kilichotoka ni pumzi tu, kama ile ya baba ipitayo shingoni.

Baba akamwona. Hakuwa mtu wa kumwacha mtu ahangaike juu ya kreti mbele ya umati. Akakunja kidole chake, akakiweka juu ya kifuniko cha kompyuta.

Ko.

Shangazi akageuka kutoka dirishani.

Ko.

Binamu, ambaye utotoni aliwahi kubebwa mabegani kwenda kuuona mnada, akainamisha kichwa.

Ko.

Kisha baba akaachia kidogo, kama alivyozoea, akamtazama binti yake. Alikuwa akingoja neno lile la mwisho la mnada. Alikuwa amegonga, na kugonga kila mtu anaweza. Neno hakuwa nalo tena, na alikuwa akimwomba yeye alitoe, ili mambo haya yaishe, mali itoke mezani, watu warudi makwao.

Kimya alilijua. Alilijua kabla hajajua kuandika jina lake. Liliinuka mpaka kooni likakaa pale, na yeye akalishikilia kwa meno, machozi yakimtoka, akitikisa kichwa: hapana, baba, hapana, bado.

Baba alingoja muda mrefu kuliko alivyowahi kuwangojea wanunuzi. Halafu akanyanyuka, akaweka sawa kitambaa cha shingoni, akaenda chumbani kulala, na jua lilikuwa bado liko juu.